Siku Niliyomshika Dume

Nilimwinua juu kwa vidole viwili,
mnene, anavuma kama bodaboda inayoupanda mlima wa Kibosho,
nikapaza sauti kihamba kizima kisikie:
"Mamdogo! Nimemkamata malkia!"

Mamdogo Aikaruwa alikuwa ameinamia mzinga wa pili,
mkononi kopo la siagi alilolitoboa kwa msumari,
ndani yake kinyesi kikavu cha ng'ombe kikifuka taratibu.
Hakuja mbio.
Alikuja kama anayekwenda kuangalia maharage jikoni.
Akavua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa tena.
"Mtazame macho."

Nikamtazama. Macho yamekutana utosini,
kichwa chote ni macho.
"Mwenye macho kiasi hicho anatafuta mke.
Sasa mgeuze. Mwiba uko wapi?"
Nyuma butu, kama penseli ambayo haijachongwa.
"Vikapu vya chavua miguuni?"
Hakuna.
"Basi ni dume. Mrudishe akale,
ndiyo kazi anayoijua."

Nilikuwa na miezi minne tangu nirudi kutoka Dar
na begi moja, na cheti kwenye bahasha ya kaki.
Asubuhi ile nilikuwa nimekula ndizi sahani mbili.
Nikamrudisha dume polepole,
kwa heshima fulani.

Wale wengine, maelfu,
nilidhani ni mmoja aliyerudiwa-rudiwa.
Mamdogo akawatenganisha kwa ncha ya unyoya wa kuku.
Huyu kifua bado kina manyoya ya kijivu:
ametoka jana, anafagia chumba alichozaliwa.
Huyu kichwa kimezama kwenye sega, analisha.
Huyu mlangoni, miguu ya mbele juu,
anamnusa kila anayeingia.
Na huyu, tazama mabawa,
yamechanika pembeni kama khanga ya kuotea moto.
"Huyu amebakiwa na siku tatu, nne.
Ndiye anayekwenda mbali kuliko wote,
mpaka kwenye kahawa ya misheni."
Akasogeza unyoya ili apite.

"Na malkia?"
"Usimtafute yeye. Tafuta walioacha kazi wakageuka."

Nilikodoa mpaka jasho likaniingia machoni ndani ya wavu.
Sega la tano, upande wa kivuli,
nikaona kwanza duara: vichwa kumi, kumi na viwili,
vyote vinaelekea ndani, kama watu wanaosikiliza redio.
Katikati, tumbo refu,
na mabawa mafupi juu yake
kama koti la shule la mwaka juzi.
Hakuwa mnene. Hakuwa na kelele.
Aliingiza kichwa kwenye tundu, akakagua, akageuka,
akashusha tumbo, akaacha yai,
akaenda tundu la pili.
Hakupumzika hata kidogo.
Nikasema, "Kumbe naye ni kibarua."
Mamdogo hakujibu; alikuwa anafungua rangi ya kucha
aliyoinunua sokoni Mbuyuni, nyekundu,
akachovya njiti ya kiberiti
akamtia nukta moja mgongoni.
Mkono haukutetemeka.

Kisha ikaja Julai.
Ukungu ukashuka, ukakaa migombani siku tisa,
kahawa haina ua, mringaringa hauna ua.
Asubuhi moja nikawakuta chini ya mizinga,
madume, wengine bado wanatambaa,
na juu mlangoni vibarua wawili wakimburuta wa mwisho,
mmoja bawa, mmoja mguu.
Macho yake yote yale
na hakuna alichoweza kufanya.

"Malkia ndiye aliyeamuru?"
"Malkia haamuru. Chakula kimepungua, wenye kazi wameamua."
Akafunika mzinga, akaweka jiwe juu.
"Lakini usiwacheke.
Bila mmoja wao, aliyeruka akafa huko angani,
hawa wote wasingekuwepo."

Nikamwokota mmoja, mwepesi kama ganda la karanga,
nikamtia kwenye kiberiti kitupu.
Ninaye mpaka leo, sijui kwa nini.
Halafu nikachukua ndoo mbili
nikashuka mfongoni
kabla sijaitwa kunywa chai.